Mji Hauonekani Kupitia Kioo cha Gari

Ukijumlisha kambi ya Kakuma na makazi ya Kalobeyei, unapata wakimbizi na waomba hifadhi wapatao 300,000. Hao ni wengi kuliko wakazi waliohesabiwa Thika katika sensa ya 2019, na ni zaidi ya mara tatu ya wakazi wa Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana. Kwa kipimo chochote cha nchi hii, huo ni mji mkubwa. Hata hivyo mgeni anayetoka Nairobi haendi Kakuma kama aendaye mjini. Hupangiwa gari na dereva, huzungushwa ofisi hadi ofisi, hula chakula cha mchana ndani ya ua wa shirika, na jua likianza kushuka hurudishwa alikolala. Akifika Nairobi huandika ripoti. Ripoti hiyo ndiyo inayoamua kisima kichimbwe wapi, taa iwekwe njia gani, na barabara ipi itengenezwe kwanza.

Mimi nilikwenda Turkana bila gari. Nilitembea Lodwar peke yangu tangu alfajiri hadi miguu ilipokataa, kisha nikafanya vivyo hivyo Kakuma, nikiwa na kofia, chupa za maji na kibali cha Idara ya Huduma za Wakimbizi, maana mgeni haingii kambini bila ruhusa. Nilichoka kuliko nilivyowahi kuchoka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam. Uchovu huo ndio ulionifundisha ninachotaka kusema leo: miji hii imejaa watu waendao kwa miguu, lakini imepangwa na watu wasiotembea, na gharama yake wanailipa kila siku akina mama wenye mizigo kichwani.

Lodwar huamka mapema kwa sababu inajua mchana utakuwaje. Mji uko mita 500 hivi tu juu ya usawa wa bahari, mvua yake ya mwaka mzima ni kama milimita 200, na joto la mchana hufika nyuzi 35 karibu mwezi wowote utakaoutaja. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwenye daraja la mto Turkwel, upande wa Kanamkemer. Watu walikuwa wakimiminika kuelekea mjini: wanafunzi, wafanyakazi wa kaunti, wanawake wenye vikapu vya miyaa vilivyopangwa kimoja ndani ya kingine, vijana wakiswaga mbuzi wawili watatu wa kuuza. Kila mwenye bodaboda aliyenipita alipunguza mwendo. “Mama, panda twende.” Nilipowaambia natembea, walinitazama kwa huruma ya kweli. Mmoja aliniuliza kama nimeibiwa.

Jambo la kwanza ambalo gari halikuonyeshi ni ukingo wa barabara. Barabara kuu ya kutoka Kitale kwenda Lokichoggio, hapa Lodwar, sasa ina lami nzuri, na sitaki mtu anielewe vibaya, lami hiyo imeokoa maisha ya wagonjwa na imeshusha bei ya unga. Lakini sehemu kubwa ya niliyoipita, lami inakoma ghafla na mchanga unaanza, mchanga mzito unaomeza kiatu hadi kwenye kifundo. Anayetembea huchagua kati ya mambo mawili: apite juu ya lami huku malori yaendayo Sudan Kusini yakimjia mgongoni, au akanyage mchanga na kutumia nguvu za hatua mbili kwa kila hatua moja. Karibu wote huchagua lami. Nilimwona mama mwenye mtungi wa maji kichwani na mtoto mgongoni akishuka mchangani kupisha lori, kisha akapanda tena, akashuka tena, akapanda tena. Hakuna ripoti niliyopata kuisoma ambayo imemhesabu.

Kabla jua halijakolea nilipanda kilima chenye sanamu ya Kristo Mfalme. Ukiwa juu unauelewa mji kwa mtazamo mmoja. Kuna ukanda wa kijani unaofuata Turkwel, kuna laga ya Kawalase, ambayo ni mchanga mtupu hadi siku mvua ya mbali itakapoleta gharika, kuna mapaa ya mabati yasiyohesabika. Na katikati ya hayo yote kuna vijia vyembamba vinavyokatiza viwanja vitupu, kutoka mitaa ya Napetet na Nakwamekwi kwenda sokoni, hospitali ya rufaa, makanisani na shuleni. Hakuna mhandisi aliyevichora. Vimechorwa na nyayo. Mpangaji wa kaunti akitaka kujua njia za waendao kwa miguu zijengwe wapi, hana haja ya mshauri kutoka ng'ambo. Apande kilima hicho asubuhi na daftari lake.

Kufikia saa tano jua lilikuwa limeshika hatamu. Lodwar iko nyuzi 3 tu kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita jua huwa utosini na kuta hazitoi kivuli hata cha kuku. Hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla hujalihisi. Mtu anaweza kupoteza maji mengi mwilini akidhani yuko salama kwa kuwa nguo yake haijalowa. Nilianza kutembea kutoka mti hadi mti. Nilipokosa mti nilisimama kwenye baraza ya duka, na baraza zilipoisha nikasimama nyuma ya lori lililoegeshwa, pamoja na wazee wawili na mwanafunzi aliyevaa sare. Sisi wanne tulikuwa tukitumia kivuli cha lori la mtu katika makao makuu ya kaunti.

Wenyeji wa pwani walilimaliza tatizo hili karne nyingi zilizopita. Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zina vichochoro vyembamba na kuta ndefu, na mtu hutoka nyumbani hadi msikitini adhuhuri bila jua kumpata sawasawa. Lodwar ilianza kama kituo cha utawala wa Mwingereza, majengo machache yaliyotawanyika kwenye uwazi mpana, na uhuru ulipokuja tuliendelea kuupanua uwazi uleule. Tulitia barabara pana, tukatia taa, tukajenga majengo ya vioo yanayohitaji kiyoyozi mchana kutwa. Miti tuliiachia wenye maduka waipande wenyewe. Ndiyo maana mwarobaini wa mbele ya duka, pale Lodwar, ndio bustani, ndio kituo cha matatu, ndio benki ya akina mama wa chama. Chini ya kila mwarobaini niliopita kulikuwa na watu zaidi ya kumi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba Waturkana hawakuhitaji kufundishwa thamani ya kivuli na mtu yeyote. Kando ya Turkwel kuna utaratibu wao wa zamani uitwao ekwar. Familia huwa na haki juu ya sehemu fulani ya miti ya ukingo wa mto, hasa migunga wanayoiita ewoi, ambayo maganda yake hulisha mbuzi wakati wa kiangazi. Mgeni hakati tawi wala kukusanya maganda bila idhini ya wenye sehemu hiyo, na ugomvi ukitokea wazee huusuluhisha. Wazee wenyewe hukutana chini ya mti unaojulikana kuwa wa wanaume, na uamuzi wa hapo una uzito. Mwanamume hutembea na ekicholong, kile kigoda kidogo cha mti ambacho pia hulazia kichwa, kwa kuwa safari ni ndefu na kivuli kikipatikana lazima kitumiwe ipasavyo. Huu ni utamaduni uliojua safari na pumziko kwa undani kuliko wizara yoyote ya miundombinu. Kisha serikali ikaja na mathenge, mti wa kigeni ulioletwa miongo kadhaa iliyopita kuzuia jangwa. Leo mathenge imefunga njia za kwenda mtoni, na miiba yake hupenya akala.

Nilipumzika kwa mama mmoja auzaye chai na mandazi. Sikuwa nimesema neno, akasogeza jerikeni lake na kunipisha kwenye benchi. “Keti mwanangu,” akaniambia. “Jua hili halina haraka.” Nilikaa hadi saa tisa. Alinieleza kwamba hutembea kutoka Kanamkemer kila siku na meko yake, na kwamba nauli ya bodaboda, kwenda na kurudi, ingemla faida ya asubuhi nzima. Kwa mtu kama yeye, kutembea si mazoezi wala burudani. Ni hesabu ya unga.

Alasiri nilifika mtaa wa zamani wa serikali. Hapa Lodwar ndipo Jomo Kenyatta alipoletwa mwaka 1959 baada ya kumaliza kifungo alichohukumiwa Kapenguria mwaka 1953 na kukitumikia Lokitaung, kaskazini zaidi. Kifungo kilikwisha lakini hakuachiliwa. Alikaa Lodwar chini ya amri ya kutotoka hadi alipohamishiwa Maralal mwaka 1961. Wakoloni waliichagua Turkana kwa sababu umbali na jua vingefanya kazi ya ukuta bila gharama. Tena si Kenyatta peke yake aliyezuiwa. Turkana yote ilikuwa wilaya iliyofungwa, na sheria ya 1934 ya usimamizi wa wilaya maalumu ilizidi kukaza kamba: mtu wa nje aliingia kwa ruhusa, na mwenyeji alihitaji ruhusa kutoka. Wazee waliozaliwa Lodwar kabla ya uhuru walikua wakijua kwamba kwenda Kitale ni jambo la kuombwa. Nawasihi wasomaji walishike hilo hadi tufike Kakuma.

Nilipovua viatu usiku ule nilifikiria mifupa. Kusini-magharibi mwa Ziwa Turkana kuna mahali paitwapo Kanapoi, ambapo katika miaka ya 1990 kikosi cha Meave Leakey kilipata mfupa wa muundi wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 4. Umbo la mfupa huo linaonyesha kwamba mwenyewe alitembea wima kwa miguu miwili, na ni miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi wa aina hiyo duniani. Viumbe hao wakaitwa Australopithecus anamensis, kutokana na anam, jina la Kiturkana la ziwa. Upande wa magharibi wa ziwa hilohilo, Nariokotome, Kamoya Kimeu aliona mwaka 1984 kipande cha fuvu cha mvulana aliyeishi miaka milioni 1.5 hivi iliyopita, mwenye miguu mirefu kama ya kijana wa Kiturkana wa leo. Tunajivunia mifupa hiyo, tunaiweka kwenye mabango ya utalii na kwenye hotuba za tamasha la Tobong'u Lore. Kaunti inayojitangaza kuwa chimbuko la mwanadamu aliyesimama wima inapaswa kumjengea mwanadamu huyo mahali pa kukanyaga.

Na sisi Waswahili tuna deni letu huko. Msafara wa Teleki uliofika ziwani Machi 1888 ulianzia Pangani mwaka uliotangulia, na mizigo yake ilibebwa kichwani na mabegani na mamia ya wapagazi wa pwani. Vitabu vinamtaja Mhungaria mwenye msafara. Walioitembea njia hiyo na pakacha begani, wengine wakafia humo, hawana hata jina la kichochoro kule Lodwar.

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita 120 hivi, nami nilipanda matatu. Njia nzima dirisha lilinionyesha watu wakitembea peke yao, fimbo begani, mbali na kijiji chochote nilichoweza kukiona.

Kakuma niliingia kwa kuvuka Tarach. Tarach ni laga; siku nyingi za mwaka ni mchanga na mawe, na watoto huichezea mpira. Mvua ikinyesha juu milimani hushuka na maji ya rangi ya chai, yakakata kambi vipande na kung'oa nyumba za udongo zilizo ukingoni. Kila mtu niliyemuuliza njia alinielekeza kwa kutumia Tarach: uivuke, usiivuke, uifuate. Ndiyo dira ya mji huo, na watu wake wanahitaji madaraja ya miguu juu yake kuliko wanavyohitaji semina nyingine yoyote.

Kambi ilianza mwaka 1992. Waliotangulia ni watoto wa Sudan Kusini ambao dunia iliwaita Wavulana Waliopotea, na safari yao sharti isimuliwe kwa hatua, si kwa miaka tu. Walitoka vijijini mwao vita vilipozidi katika miaka ya 1980, wakatembea hadi Ethiopia. Mwaka 1991 utawala wa Mengistu ulipoanguka, walifukuzwa, wakavuka mto Gilo chini ya risasi, wakatembea tena kurudi Sudan, kisha kusini hadi Lokichoggio, kisha wakaletwa hapa. Ni mamia kwa mamia ya kilomita, na wengi wao hawakuwa wamefika umri wa kuota ndevu. Kakuma ilizaliwa na miguu ya watoto. Ukiijua historia hiyo huwezi kuutazama mchanga wa Kakuma 1 kama uchafu wa kupitwa kwa gari.

Nami Kakuma 1 niliitembea yote niliyoweza. Mtaa wa Waethiopia una miti mikubwa kuliko niliyoiona kwingine, kwa kuwa walioishi hapo waliipanda mapema na kuinyweshea maji ya kunawia. Chini ya kivuli hicho kuna mikahawa. Nilikula injera na shiro, nikanywa kahawa ya kuchomwa mbele ya macho yangu, moshi wa ubani ukipanda. Hatua chache mbele ni maduka ya Wasomali: unga, mafuta, simu, magodoro, vitambaa, vyote vimepangwa hadi darini. Sauti zikabadilika, nikasikia Kiswahili cha Kivu. Fundi cherehani kutoka Bukavu, akiwa na kitenge cha buluu chini ya sindano, alinikaribisha ndani bila kuniuliza ninataka nini. “Karibu mama, ikala, jua ni kali,” akaniambia, na mkewe akaniletea maji. Baadaye tulikula bukari na sombe. Nilipotoka nikapita kwa kinyozi Mrundi, kwa duka la Msudani Kusini la kuchaji simu kwa sola, na kwa chumba cha mabati ambamo vijana walikuwa wakitazama mpira wa Ulaya kwa kiingilio. Yote hayo yalikuwa ndani ya mwendo ambao gari lingeumaliza kabla dereva hajabadilisha gia mara tatu.

Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, liliutazama mji huu kama soko mwaka 2018 na kuhesabu biashara zaidi ya 2,000, na matumizi ya watu yaliyofikia dola milioni 56 kwa mwaka. Takwimu hizo zilisaidia. Benki na kampuni zilianza kufika. Lakini soko la Kakuma ni soko la waendao kwa miguu. Mteja hufika akitembea na huondoka na mfuko wa unga kichwani. Barabara ya ndani ikiwa na kivuli, mteja hufika hata saa saba mchana. Isipokuwa nacho, mwenye duka hufunga mlango na kulala hadi saa kumi. Kila saa ambayo jua linalifunga duka ni fedha zinazopotea, na mti ni rasilimali ya biashara kama ulivyo umeme. Sijaona mfadhili akiuhesabu hivyo.

Upande mwingine wa soko hilo ni wanawake wa Kiturkana kutoka vijiji vya jirani. Niliwakuta wakiingia asubuhi na mizigo ya kuni na magunia ya makaa, wengine wakiwa wametembea tangu usiku. Kwa miaka mingi wamebadilishana kuni kwa sehemu ya mgao wa wakimbizi. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipopunguza mgao kwa kukosa fedha na kuzigawa familia katika makundi ya mahitaji, pigo halikuishia kambini. Mama wa Kalobeyei ambaye fedha zake za chakula zimekatwa hanunui kuni, na mwenzake wa Kiturkana anarudi na mzigo uleule aliokuja nao. Ukiwa garini hilo hulioni kwa sababu mzigo wa kuni unaokwenda na unaorudi hufanana. Nililiona kwa kuwa nilitembea nyuma ya wauza kuni wawili wa Kiturkana, kwenda na kurudi.

Kalobeyei yenyewe ilifunguliwa mwaka 2016 ikiwa na ndoto nzuri: mkimbizi na mwenyeji waishi pamoja, wasome pamoja, walime pamoja. Ramani yake ilichorwa kwa msaada wa UN-Habitat, na kwa karatasi ni safi kuliko Kakuma. Kwa miguu ni ngumu zaidi. Mitaa imenyooka, nyumba zimeachana, uwazi ni mkubwa, na upepo wa mchana hurusha vumbi lisilokutana na kizuizi. Nilitembea muda mrefu bila kukutana na mti wenye kimo changu. Hapo ndipo magoti yalipoanza kutetemeka nikakaa chini kando ya kituo cha maji, nyuma ya foleni ya mitungi ya manjano. Msichana wa shule alinimiminia maji mikononi, akaenda zake.

Kakuma pia imewapa walimwengu wakimbiaji, na kila mara tunasimulia habari zao kama miujiza. Lopez Lomong aliishi hapa miaka 10. Mwaka 2000 alitembea kilomita zipatazo nane kwenda kutazama Olimpiki ya Sydney kwenye televisheni, na mwaka 2008 alibeba bendera ya Marekani Beijing. Mwaka 2016, timu ya kwanza ya Olimpiki ya wakimbizi ilipokwenda Rio, wakimbiaji watano walikuwa wametoka Kakuma, wakachukuliwa Ngong kufunzwa chini ya mwanariadha Tegla Loroupe, na Rose Nathike Lokonyen akabeba bendera ya kikosi hicho. Katika mchujo wa kambini alikimbia bila viatu. Mimi sioni muujiza. Naona mji ambao kila mtoto wake hutembea mbali kwenda shule, maji na soko, na naona vipaji ambavyo ungevipata vingi zaidi kama mtoto huyo angekuwa na njia, viatu na ruhusa ya kwenda nje ya kambi.

Ruhusa. Jioni nilitoka kambini, nikapanda matatu, nikaenda zangu Lodwar. Kitambulisho changu cha Kenya kilitosha. Fundi yule wa Bukavu, ambaye nyuzi zake hupanda bei kila zinapopita mikononi mwa wachuuzi wawili, hawezi kufanya hivyo. Akitaka kwenda Lodwar au Eldoret kununua vitambaa anahitaji kibali cha kutoka kambini, chenye sababu inayokubalika na tarehe ya kurudi. Akikutwa njiani bila kibali ana kesi. Hivyo, kwenye ardhi ileile ambayo Mwingereza aliifunga, ambayo Kenyatta alizuiliwa asitoke, leo tunawaambia mamia ya maelfu ya watu kwamba safari ni jambo la kuombwa. Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya uhuru wa kwenda atakako. Hakikusema kila raia, na haki ya kuishi popote nchini ndiyo iliyotengwa kwa raia. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 iliahidi ajira na ujumuishaji. Mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unataka kambi ziwe makazi ya kawaida, na Kakuma imepandishwa hadhi kuwa manispaa. Nayafurahia yote hayo kwa moyo wangu wote. Lakini manispaa ambayo wakazi wake wengi hawawezi kutoka nje ya mipaka yake bila karatasi bado ni kambi.

Najua hoja ya usalama. Mpaka uko karibu, silaha haramu zipo, na mauaji yanayofanywa na wezi wa mifugo katika Turkana si hadithi. Lakini vizuizi vya polisi viko kwenye barabara kuu, na mhalifu wa mpakani hajapata kupanga foleni kuomba kibali. Anayepanga foleni ni mwanafunzi, mgonjwa na mfanyabiashara.

Kwa Kaunti ya Turkana ombi langu ni la mchanga na miti. Mkataba wowote wa barabara ya mjini, Lodwar, Kakuma au Lokichoggio, uwe na njia ya waendao kwa miguu pande zote mbili, yenye upana wa watu wawili wenye mizigo, na miti iliyokwisha kustawi kwenye kitalu. Kila safu ya miti ikabidhiwe familia au kikundi cha akina mama walio karibu, kwa mfano wa ekwar, wapate haki ya maganda, matawi makavu na kibanda cha chai chini yake, nao waitunze. Tarach na Kawalase zipate madaraja ya miguu katika sehemu ambazo vijia tayari vinazionyesha. Na kamati ya bunge la kaunti itakayopitisha bajeti hiyo itembee kwanza, saa sita mchana, kutoka sokoni hadi hospitali ya rufaa.

Ombi la pili halihitaji saruji. Waziri wa Usalama wa Ndani, ambaye Idara ya Huduma za Wakimbizi iko chini ya wizara yake, aamuru kwamba mwenye kitambulisho cha mkimbizi asafiri popote ndani ya Kaunti ya Turkana bila kibali. Ni kaunti moja, barabara ni moja, na vizuizi vya polisi vipo tayari. Kijana wa Kalobeyei aliyepata nafasi katika chuo kikuu kilichopo Lodwar angepanda matatu ya asubuhi akaenda darasani, na fundi wangu angejinunulia nyuzi zake mwenyewe.